Kulukulu na Kanzu ya Ijumaa

Vijana wangu wa kitaluni, siku ile mliponifanyia hafla ya kuniaga mlinipa doti mbili za kanga, chupa ya chai na maneno mengi mazuri, mengine ya uongo. Kisha mmoja wenu, jina lake nalisitiri, akaniuliza, "Bi Mize, katika miaka yote hiyo, kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote?" Nikamjibu, "Kumwosha ndege." Mkacheka, mkadhani uzee umenipanda kichwani. Sasa nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha, sina wa kunipigia kengele. Nawaandikia mjue kwamba sikuwa natania. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vimo kwenye faili, na faili limeliwa na mchwa, kwa hiyo tumesalimika sote.

Nilianza kazi miaka ya mwisho ya hamsini, katika kitalu kilichokuwa nje kidogo ya Wete. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wanawake tulikuwa watano, vibarua sote, na kazi yetu ilikuwa moja tu: debe kichwani, kwenda kisimani na kurudi. Mkuu wa kitalu alikuwa Mzee Kombo, mtu mfupi, mkavu, wa maneno machache, na hayo machache yote makali. Siku yangu ya kwanza nilimwagia tuta la miche ya mikarafuu, nikajipangusa jasho, nikamwambia, "Mzee, hili limeshalowa."

"Umeona, au umetia kidole?"

"Nimeona."

"Jicho huona juu, mwanangu. Mzizi uko chini. Tia kidole."

Nikatia. Juu tope, chini kukavu kama unga wa muhogo. Nikarudi kisimani kimya kimya na debe langu, na wenzangu nyuma yangu wanacheka. Swali hilo nililisikia kila siku ya Mungu kwa miaka mingi. Ukimwambia Mzee Kombo mvua inakuja, atakuuliza hivyo hivyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mpeta haungoji. Nyinyi mnajua, lakini mgeni anayesoma huenda hajui: mpeta ni tunda la mkarafuu lililoachwa mtini mpaka likaiva, na mbegu yake ndiyo tunayopanda. Ukiuchuma leo, uloweke leo, uumenye, uupande. Ukiuacha ukauke, umepanda kokoto. Alinifundisha pia kuezeka chanja za makuti juu ya miche, nyembamba kiasi cha jua kupenya kama linavyopenya kwenye chekecheke. Ila kitu kimoja hakunifundisha, nacho ndicho nilichokuwa nakitaka mno: kubebesha. Kule kuchukua kijicho cha mchungwa mtamu ukakipachika kwenye shina la ndimu kali, kikashika, kikaota. Kisu cha kazi hiyo kilikaa kiunoni mwake, ndani ya ala ya ngozi, na nilikitazama kama wenzangu walivyokuwa wakitazama bangili za dhahabu madukani.

"Kubebesha ni kwa waliomo kwenye daftari la watu wa kudumu," aliniambia. "Kibarua leo yupo, kesho hayupo. Nikimfundisha, atakwenda kukatakata miti ya watu."

Katika daftari hilo hapakuwa na jina la mwanamke hata mmoja.

Basi asubuhi moja akaja Bwana Shamba. Ndivyo tulivyomwita afisa wa kilimo, Mzungu mrefu aliyeungua pua. Alikuwa amebeba tundu kubwa la miti lililoletwa kwa chombo kutoka Tanga, na ndani yake ndege ambaye hakuna Mpemba aliyemjua. Sisi tunaye ninga, kijani naye, mla matunda, lakini huyu hakuwa ninga. Alikuwa mkubwa, mkia mrefu, kijani kibichi kama jani la mgomba lililonyeshewa, mdomo mwekundu, na kichwani shungi limesimama. Mzee Kombo akamzunguka mara mbili.

"Ninga huyu kavaa kilemba," akasema. "Keshahiji nini?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shamba akaeleza kwa Kiswahili chake cha vipande kwamba huyu ni kulukulu, ndege wa misitu ya bara, na kwamba yeye anakwenda kwao likizo miezi minne na nyumbani hana wa kumwachia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeinama natazama miguu. Kidole kimoja cha yule ndege kilikuwa kinageuka: mara kiko mbele na wenzake, mara kimerudi nyuma, na kwa miguu hiyo alikuwa akikimbia juu ya ule mti wa ndani ya tundu mbio mbio, harukiruki kama ndege wengine.

"Wewe umeona nini?" Bwana Shamba akaniuliza. Nikamwambia kidole. Akanitazama kitambo.

"Utamlisha wewe. Nikirudi nikimkuta mzima, jina lako linaingia kwenye daftari la watu wa kudumu. Nikimkuta kafa, au kajeruhiwa, basi, kibarua kimekwisha."

Alisema hayo mbele ya karani wa kitalu, kijana mmoja aliyepasua nywele njia, ambaye aliamini dunia nzima ipo ili aiandikie barua. Karani akaandika. Mimi nikatazama kile kisu kiunoni mwa Mzee Kombo, nikasema moyoni, ndege wee, utaishi, upende usipende.

Bwana Shamba aliacha amri ya chakula: papai na ndizi, basi. Ndivyo alivyoambiwa na mtu aliyemuuzia Tanga. Nikamlisha papai na ndizi. Wiki ya kwanza alikula. Wiki ya pili akaanza kuzubaa, manyoya kayafutua, kichwa kakizamisha mabegani kama mzee mwenye homa. Nikabadilisha papai, nikamtafutia ndizi mkono wa tembo, nikamwombea dua. Wapi! Siku moja, ili nifagie, nikaliweka tundu karibu na fensi iliyotambaa matembele. Niliporudi nilimkuta katoa shingo yote nje ya miti, anakata majani ya matembele moja baada ya moja, anayameza mazima, bila kutafuna. Alikula mpaka yakamalizika yote aliyoweza kuyafikia, kisha akaniangalia kama ananiuliza nilikuwa wapi siku zote.

"Mzee Kombo! Njoo uone ndege anakula majani!"

"Kuku naye hula mchicha."

"Anadonoa. Huyu anachunga!"

Akaja, akatazama. Akachuma jani la mchicha mwenyewe, akalipenyeza kwenye tundu. Likaenda. Akachuma jingine. Likaenda. "Subhanallah," akasema, "huyu mbuzi." Tangu saa hiyo jina lake likawa Mbuzi, na kibarua mgeni akiambiwa "kampe Mbuzi majani" alikuwa akizunguka kitalu kizima anatafuta pembe.

Nilijifunza mengi kwa Mbuzi huyo wa mbawa. Majani hayalali tumboni mwake kama kwa mbuzi wa kweli, mwenye matumbo ya kuyalaza na nafasi ya kucheua. Kwake yanapita mbio, huku yanaingia huku yanatoka, na ndiyo maana hufidia kwa kula kutwa. Alipenda vichipukizi kuliko majani makubwa. Jani la mkarafuu alilionja mara moja, akalitema, akafuta mdomo kwenye mti pande zote mbili, na mimi nikamshukuru Mungu, maana miche ilikuwa elfu na mlinzi mmoja. Sauti yake ilikuwa kubwa na ya kukwaruza, hailingani kabisa na uzuri wake. Na akikunjua mbawa, lo! Ndani mwekundu. Ule wekundu huuoni akitulia, ni kama mtu mwenye koti la heshima lenye bitana ya harusi. Kila ulipodondoka unyoya mwekundu niliuokota, nikauchomeka kwenye makuti ya banda la zana. Nilikuwa nayo matatu.

Mwezi wa tatu tangu Bwana Shamba aondoke, siku ya Ijumaa, ndipo yalipotokea ya kutokea. Nilikuwa nafungua tundu kutia majani, na Mzee Kombo akaniita kwa sauti kubwa kuhusu debe linalovuja. Nikageuka. Kugeuka tu, Mbuzi katoka. Hakuruka mbali, mbawa zake si za safari. Alikimbia juu ya chanja ya kwanza, akarukia ya pili, akakosea ya tatu, akaanguka chubwi ndani ya shimo la samadi. Na shimo lenyewe siku ile lilikuwa limeiva, mavi ya ng'ombe na maji ya mvua, uji mtupu.

Nikamtoa kwa mikono miwili. Hakuwa kijani wala mwekundu, alikuwa donge. Nikakimbilia karai, nikatia maji, yakawa tope, nikayamwaga, nikatia mengine, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikaanza kumsugua huku nalia. Mzee Kombo alikuwa keshavaa kwenda msikitini: kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, manukato. Akasogea kuchungulia. Ndipo Mbuzi alipojikung'uta, na maji yakaruka.

Nilitazama kanzu. Nikatazama karai. Maji yalikuwa mekundu.

"Damu!" Mzee Kombo akapiga kelele. "Umemvunja ndege wa watu! Na mimi umenitia damu, wewe mtoto! Nitasalije?"

Karani akatoka afisini kalamu mkononi, kana kwamba alikuwa akiingoja siku hiyo. Akachungulia karai, akatikisa kichwa. "Hii naiandika," akasema. "Barua kwa Bwana Shamba itaondoka Jumatatu. Kajeruhiwa, mbele ya mashahidi." Nguo za kazi za Mzee Kombo zilikuwa na samadi, na alikuwa akiishi Gando, mbali: kwenda kubadilisha na kurudi sala ingekuwa imeshapita. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, kofia mkononi, adhana inasikika kutoka mjini, na yeye hawezi kwenda. Sijapata kuona mtu mwenye huzuni kama ile. Mimi nilimpekua Mbuzi bawa kwa bawa, mguu kwa mguu. Sikuona kidonda. Lakini nani angenisikiliza? Maji mekundu yapo, wameyaona.

Nilirudi nyumbani uso umevimba. Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka, ndiyo iliyonisomesha, na alikuwa kakaa ukumbini kazungukwa na ukili wa rangi. Nikamsimulia yote. Hakuacha kusuka.

"Damu bila kidonda imetoka wapi?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Damu ikikauka kwenye nguo huwaje?"

"Huwa kahawia."

"Na hiyo ya kanzu?"

"Sijatazama."

"Basi unalilia nini kitu usichokitazama? Mimi nimewahi kusuka mkeka wa rangi mbovu, mnunuzi akaufuta kwa maji matupu mwaka mzima haukumwambia kitu. Siku aliyotia sabuni ukamchafulia nyumba nzima. Alikuja hapa na ugomvi. Hakusema nimemtia damu."

Usingizi ukanijia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta Mbuzi kakauka, kavimba, ana hasira, na alipoona matembele akala kama hajapata kula. Mgonjwa gani huyu? Kanzu ya Mzee Kombo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa banda la zana, maana alirudi nyumbani kwa nguo za kazi. Lile doa lilikuwa la waridi. Limekauka kabisa, na ni la waridi, si kahawia.

Kabla sijamwambia mtu, akaingia Shehe wa msikiti. Alikuwa amekuja kuulizia afya ya Mzee Kombo, kwa sababu tangu amjue hakuwahi kumkosa safu ya kwanza siku ya Ijumaa. Mzee Kombo akamweleza, kwa uchungu, ndege, samadi, damu, kanzu. Karani naye akaja na karatasi yake, ili Shehe naye atie saini kuwa shahidi wa lile doa.

"Shehe," nikasema, "naomba nafasi kabla hujasaini."

Karani akacheka. "Kibarua anataka kutoa darsa."

"Mwache," Shehe akasema. "Haya, binti, sema."

Nikaleta vikombe viwili vya bati vyenye maji. Kimoja nikakiacha maji matupu, kingine nikakoroga sabuni mpaka kikatoa povu. Nikachomoa manyoya mawili kati ya yale matatu yaliyokuwa kwenye makuti. "Haya yalidondoka wiki zilizopita," nikawaambia. "Mzee Kombo alikuwa akiniona nikiyaokota." Mzee Kombo akaitikia kwa kichwa. Nikatia unyoya mmoja kwenye maji matupu. Tukangoja. Maji yakabaki maji. Nikatia wa pili kwenye sabuni, nikausugua kwa vidole.

Maji yakaanza kuwa ya waridi. Kisha mekundu.

Tuliwasikia wenzangu wanateka maji kisimani. Karani akasogea, akachungulia, akasema, "Mimi bado naona damu."

Na hapo, vijana wangu, ulimi wangu ukanitoka wenyewe. "Bwana Karani, umeona, au umetia kidole?"

Mzee Kombo alikohoa kwa nguvu, na nikajua ni kicheko. Karani akatia kidole. Akakitoa cha waridi, akakinusa, akakitazama. Unyoya uliodondoka wiki tatu nyuma hauna damu ya kutoa, hata karani alilijua hilo.

"Ni rangi," Shehe akasema. "Mungu kampaka ndege rangi inayochuja. Kombo, kanzu yako haina damu."

Mzee Kombo akasimama, uso umechangamka. "Basi nimeikosa Ijumaa bure! Ningeweza kusali nayo!"

"Hukuikosa bure," Shehe akamjibu taratibu. "Yale maji yalikuwa yanamwosha ndege aliyetoka wapi?"

Mzee Kombo akageuka, akalitazama shimo.

"Shimoni," Mzee Kombo akasema.

"Lenye nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Basi hata yangekurukia meupe kama maziwa, usingesali nayo. Mmeshughulika na wekundu watu wazima wawili na karani mmoja, asikumbuke mtu hata mmoja uvundo! Binti, kaifue kanzu ya mzee wako."

Tulicheka mpaka Mzee Kombo akalazimika kukaa tena juu ya debe lake. Nimewahi kucheka sana maishani, lakini kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake, maana nilikuwa nimeshika kazi yangu mkononi, nimeiona ikiponyoka, na sasa imerudi. Karani hakucheka. Aliikunja ile barua, akaitia mfukoni, akasema karatasi ni za serikali na si za kuchezea. Lakini haikuondoka Jumatatu.

Bwana Shamba aliporudi, pua imepoa, alimkuta Mbuzi mnene na mwenye kelele. Alikunjua bawa moja, akaona wekundu umepauka kidogo upande mmoja. Nikamweleza kila kitu, kwa mpangilio, pamoja na vikombe viwili. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kidole cha mguu. Akaniambia rangi ile ina shaba ndani yake, shaba kama ya sufuria, na kwamba ndege huyo huipata kidogo kidogo katika anachokila, akaiweka kwenye manyoya. Manyoya yaliyochuja yatadondoka, yataota mapya yenye rangi kamili, madhali anapata majani yake. Akaniambia pia kwamba vifaranga vya kulukulu huzaliwa na ukucha mdogo kwenye bawa, wakatambaa nao matawini kabla hawajajua kuruka. La shaba nililiamini. La ukucha nilidhani ananichezea, na ilinichukua miaka mingi, na safari moja ya Tanga, kulitia kidole na kukuta ni kweli.

Jina langu liliingia kwenye daftari la watu wa kudumu siku hiyo hiyo, kwa mwandiko wa karani, mzuri mno, nampa haki yake. Alipomaliza, Mzee Kombo akafungua ala kiunoni, akanipa kile kisu, mpini mbele. Akanipeleka kwenye shina la ndimu. "Kata," akasema. Nikakata vibaya. Akachagua shina jingine. "Kata." Michungwa ile mitatu mnayoichuma nyuma ya afisi, ule wa katikati ni wa siku hiyo, ndiyo maana umepinda.

Kanzu niliifua mimi, mara saba na zaidi. Najisi ilitoka mara ya kwanza. Rangi haikutoka. Mzee Kombo akanunua nyingine ya Ijumaa, na ile akaifanya ya kazi, na kila kibarua mpya aliyemwambia "nimeona, mzee," alishikwa mkono akaonyeshwa doa kifuani na kuulizwa ni nini. Wote walijibu damu. Wote walikosea, na wote walijifunza, na mimi nilikuwa nikipita na debe langu najifanya sisikii. Alipofariki, mjane wake aliniletea kanzu imekunjwa vizuri. "Alisema ni yako," akaniambia, "ukijua la kuifanya." Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia siku ya karai.

Mnajua iko wapi. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda la zana, na nimewahi kuwasikia mkiambizana kwamba kuna mtu aliuliwa humo. Hakuuliwa mtu. Kisu nimekiacha mfukoni mwa kanzu, atakayenirithi akichukue. Siku ya kwanza ya kila kibarua mpya, hasa akiwa msichana mwenye debe kichwani, mwonyesheni lile doa, mmuulize, halafu mmpe vikombe viwili vya maji, kimoja chenye sabuni. Unyoya wa tatu uko pale pale kwenye makuti.